Maji Yanayozoleka

Zwolle, mwezi wa pili, chumba cha mikutano ghorofa ya tatu.
Kahawa ni ya mashine, biskuti moja kwa kila mtu,
na mimi ndiye niliyeutengeneza mto.

Ulinichukua miaka miwili na nusu.
Niliupa kina, mwendo, hasira za mvua zinazonyesha Ujerumani;
nikaupa mji wa watu elfu themanini upande wa kulia,
na kushoto malisho, mabanda, familia kumi na nne.
Familia sikuzipa majina. Nilizipa namba.
Ng'ombe nilimpa thamani: sifuri nukta tatu.
Usiniulize nukta tatu ya nini.
Ilikuwa usiku, na kompyuta ilitaka tarakimu.

Wanafunzi wangu ni maofisa: wa barabara, wa makazi, wa fedha,
na mmoja wa bodi ya maji, Gerben,
anayealisha vidole kabla ya kubonyeza chochote.
Nikawaambia: mna saa kumi na mbili za mto,
ambazo ni dakika arobaini za ukutani.
Tuta halitoshi. Bajeti haitoshi.
Kingetosha kitu, msingeitwa.

Raundi ya kwanza waliuzamisha mji
wakibishana juu ya mifuko ya mchanga.
Wakacheka. Nikabonyeza Anza Upya,
maji yakarudi kinyumenyume,
yakashuka ngazi, yakatoka majikoni, yakatoka shule ya chekechea,
matope yakafutika kama hayakuwahi kuwa na uzito.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakuuona mchezo wangu.
Hapa huzoleka,
huzoleka mara tisa kabla ya chakula cha mchana.

Raundi ya tatu Gerben akafungua lango la kushoto
biskuti ingali mdomoni.
Mji mkavu. Alama tisini na mbili. Makofi.

Sietske hakupiga makofi.
Sietske wa mipango, aliyeketi na koti lake mwilini tangu asubuhi
kama mtu asiyekusudia kukaa.
Akaisogelea skrini, akaweka kidole juu ya banda namba kumi na moja.
"Huyu," akasema, "kapigiwa simu na nani?"

Nikamwambia kitufe hicho hakipo.
Nikamwambia huu ni mfano tu, na mfano hupunguza mambo,
hauwezi kubeba mlango wa kila mtu.
Hakupandisha sauti.
"Mbona umebeba kila tone?"

Zamu yake ilipofika hakushika kipanya.
Alichukua karatasi ya ratiba, akaigeuza,
akaanza kuzibatiza zile namba:
Hulleman. Bosgraaf. Tempelman na mama yake asiyeweza ngazi.
Nijboer, aliyenunua mtambo wa kukamulia kwa mkopo, mwezi uliopita.
Saa ya mto ikawa inakwenda.
"Bonyeza!" akasema Gerben. "Unapoteza mji!"
Akayasoma yote kumi na manne, kwa sauti,
kisha akafungua lango.
Lile lile. La kushoto.

Alama sitini na nane.
Mitaa miwili ya mji ililowa kwa kuchelewa kwake.
Hakuna aliyecheka,
na hakuna aliyeniomba nianze upya.
Gerben aliitazama ile karatasi,
vidole vyake vimelala mezani.

Kitufe nimekiongeza. Kinaitwa Piga Simu.
Kinakula saa mbili za mto, na wengine hawapokei,
na mmoja, namba saba, hutukana.
Wafadhili wameandika kwa adabu:
mbona siku hizi wachezaji wengi hushindwa?
Sijawajibu.

Ng'ombe bado ni sifuri nukta tatu.
Nimeifuta mara mbili nikiwa kwenye treni,
dirishani malisho yenyewe yakipita gizani,
banda moja likiwa na taa.
Kompyuta ikasema: tafadhali ingiza tarakimu.
Nikairudisha.
Sijui la kumfanya yule ng'ombe.